Barua ya wazi: Naomba shilingi 500 za kitabu cha hadithi kwa kila mwanafunzi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mheshimiwa Waziri anayesimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Na wakurugenzi wa halmashauri zote nchini.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwandishi wa hadithi za watoto, naishi Tanga mjini. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 14, na vitabu 6 vyenye jina langu vimechapishwa, vyote kwa Kiswahili. Viwili kati ya hivyo havipatikani tena dukani, na mwenyewe nimebakiwa na nakala moja moja ambazo siazimishi mtu. Jumamosi mbili kila mwezi napanda Kosta ya Muheza, nateremka njiani na kumalizia kwa bodaboda mpaka shule moja ya msingi, ambako nasoma na watoto wa darasa la tatu na la nne chini ya mwembe. Hakuna anayenilipa, wala sikuja kuomba nilipwe. Nina ombi kuhusu fedha ambazo tayari mnazo na tayari zimeandikwa jina la vitabu.

Kabla ya ombi, niruhusuni niwasimulie Jumamosi moja ya mwezi Machi.

Nilikuwa nimebeba mswada mpya, bado haujaenda kwa mchapishaji. Ndivyo ninavyofanya siku zote, nawasomea watoto kwanza. Katika ukurasa wa nne msichana wa hadithi akiwa bado kisimani anasikia mdogo wake amepotea. Nilikuwa nimeandika: "Alijitwisha ndoo, akakimbia nyumbani." Nikasoma, nikaendelea. Mtoto mmoja wa darasa la nne akanyoosha mkono. "Madam, hapo si kweli. Ndoo ikijaa hukimbii. Maji yanamwagika yote, na shingo inauma." Mwenzake akamtetea mhusika: "Labda aliweka majani juu." Maana watoto hawa huchuma kitawi cha majani wakakitia juu ya maji ili yasirukeruke njiani. Basi ukazuka mjadala wa dakika kumi. Mwisho wakakubaliana kwamba hata ukiweka majani, ndoo ya lita 20 hukimbii nayo. Ama aimwage, ama aitue pale pale aiache. Wakanitaka nichague.

Nilichagua aitue. Hadithi nzima ikabadilika, kwa sababu sasa kuna ndoo ya maji imebaki peke yake njiani na mtu lazima aikute. Hadithi ikawa bora kuliko niliyokuwa nayo kwa miezi mitano. Mhariri yeyote wa mjini, hata mimi mwenyewe niliyekulia kwenye maji ya bomba, tusingeiona kasoro ile. Watoto wale walikuwa wasomaji kamili siku hiyo. Walikuwa wanaipima hadithi kwa maisha yao, wakaikuta imepungua, wakaidai haki yake. Lakini ili mtoto afike hapo lazima awe amesoma hadithi nyingi, na watoto wale wamezisoma kwa kuwa kuna mtu anawabebea vitabu kwenye begi. Shule jirani hakuna begi.

Watu wengi hudhani kumwandikia mtoto ni kazi ya kupumzikia. Kitabu cha watoto wa darasa la pili kina maneno kama 600 tu. Kina kurasa 24, kwa kuwa karatasi ya mashineni hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, hivyo vitabu vyetu huwa vya kurasa 16, 24 au 32, huwezi kusema hadithi yangu imeishia ukurasa wa 27. Ndani ya nafasi hiyo kila neno linapimwa. Na Kiswahili kina ugumu wake ambao vitabu vya kufundishia uandishi vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havitakuambia. Kwetu neno gumu kwa mtoto si lazima liwe msamiati mgeni. "Kunyang'anya" kila mtoto analijua, ameshanyang'anywa mara ngapi! Lakini andika "alipomnyang'anya" uone. Mtoto anayesoma kwa silabi anaanza "a-li-po-m", anafika kwenye "nya", anakutana na "ng'a", na akimaliza amesahau alikotoka. Kitenzi kimoja chetu kinabeba mtendaji, wakati, mtendewa na tendo lenyewe, na kwa mtu mzima huo ni utajiri, ila mtoto wa miaka saba anaupanda kama mlima. Kwa hiyo natafuta njia ya kuuvunja mlima bila kuiharibu lugha. Sentensi moja yaweza kunichukua siku mbili.

Kisha aje mchoraji. Katika kitabu changu cha tatu mchoraji alituletea kisima chenye paa na gurudumu la kamba, kama vile vya hadithi za Ulaya, kwa sababu ndicho alichokiona kwenye vitabu alivyosoma yeye akiwa mtoto. Tukakaa, tukaongea, akakichora upya kikawa pampu ya mkono, na foleni ya madumu ya njano. Alilipwa mara moja tu kwa kazi aliyoifanya mara mbili. Sikumsikia akilalamika, ila hajachora kitabu kingine cha watoto tangu hapo. Sasa anachora mabango ya maduka.

Niseme na hesabu, maana najua barua isiyo na hesabu haifiki mbali maofisini. Kitabu changu kinauzwa shilingi 4,000. Mrabaha wangu, yaani fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10, sawa na shilingi 400. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000, zikaisha baada ya miaka minne. Hiyo ni shilingi 400,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 nikabaki na 340,000. Gawanyeni kwa miaka minne, mtapata 85,000 kwa mwaka. Simlaumu mchapishaji. Yeye alitanguliza fedha za uchapaji zote, akalipa mhariri na mchoraji, duka likakata chake, na kwa miaka minne mtaji wake ulikuwa umelala stoo kwenye maboksi. Nilipomuuliza kuhusu chapa ya pili alinijibu kwa upole: "Nani atanunua?" Hilo ndilo swali la sekta nzima, na jibu lake mnalo ninyi.

Kuna wakati nchi hii ililijibu. Mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa Dar es Salaam, ukisaidiwa na shirika la CODE la Canada. Utaratibu wake wa awali ulikuwa rahisi mpaka unashangaza. Mchapishaji anachapa nakala 5,000 za hadithi iliyopita kwenye uhariri mzuri, mradi unanunua 3,000 kati ya hizo na kuzipeleka shuleni na maktabani, na mchapishaji anabaki na 2,000 za kuuza mwenyewe. Basi! Mchapishaji akijua kwamba 3,000 zimekwisha kununuliwa anakuwa na ujasiri wa kuchapa, na ukichapa 5,000 kila nakala inakuwa nafuu kuliko ukichapa 1,000. Mwandishi analipwa. Mchoraji anaitwa tena. Na hadithi inafika mahali ambapo duka la vitabu halijawahi kuwepo. Wengi wetu tunaoandika leo tulisoma au tulifunzwa kazi kwa njia hiyo.

Hata Tuzo ya Burt, iliyoanza nchini mwaka 2008 kwa vitabu vya vijana, ilifuata mawazo hayo hayo: iliwapa waandishi zawadi na pia ikanunua nakala za vitabu vilivyoshinda ili vifike kwa wasomaji. Ila hiyo ilikuwa kwa vitabu vya Kiingereza.

Mwaka huo huo wa 1991 Serikali ilikuwa imefungua mlango kwa wachapishaji binafsi kutoa vitabu vya kiada, yaani vile vya kufundishia masomo darasani. Kuanzia mwaka 2013 kazi hiyo ikarudi Taasisi ya Elimu. Sababu zilikuwepo, makosa ndani ya vitabu yalikuwa yanaongelewa hadi bungeni, na sikusudii kuufufua ubishi ule hapa. Naomba tu mlione jambo moja lililotokea pembeni. Wachapishaji wengi walikuwa wakibeba hadithi kwa faida ya kiada. Kitabu cha Hisabati kilikuwa kinamlipia sungura na fisi. Kiada ilipoondoka, hadithi ikabaki haina wa kuibeba, na hakuna utaratibu uliowekwa mahali pake.

Nashukuru, na nasema kwa moyo mweupe, kwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Zilipotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, nilikaa mbele ya televisheni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Baadaye hadithi za watoto zikaongezwa kwenye nyanja zinazoshindaniwa, na mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10. Kwa mwandishi anayepata 85,000 kwa mwaka, hiyo ni ndoto. Tafadhali msiiguse tuzo hiyo. Lakini tuzo humwinua mwandishi mmoja au watatu kwa mwaka. Mtoto anayesoma vizuri anamaliza kitabu cha kurasa 24 kabla kengele ya mapumziko haijagonga, kisha anauliza kingine. Kwa mwaka anaweza kumeza 40. Hivyo 40 haviwezi kutoka kwenye jukwaa la washindi; vitatoka kwa waandishi wa kawaida wenye kazi nzuri, wanaochapishwa kwa utulivu mwaka hadi mwaka kwa sababu kuna mnunuzi anayejulikana.

Sasa ombi lenyewe.

Ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 6,000 huenda shuleni, na shilingi 4,000 hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu. Naomba katika hizo 4,000, shilingi 500 zitengwe kwa vitabu vya hadithi vya Kiswahili, kwa maandishi, na zisigeuzwe kuwa kitu kingine.

Shule yenye wanafunzi 800 ingekuwa na shilingi 400,000 kwa mwaka. Kwa bei ya dukani ya shilingi 4,000 hivyo ni vitabu 100. Mwaka wa pili 100 vingine. Kwa nchi yenye zaidi ya wanafunzi milioni 10 wa shule za msingi, shilingi 500 kwa kila mmoja ni zaidi ya bilioni 5, yaani nakala milioni moja na robo hata kwa bei ya leo, na bei ya leo ni ya mchapishaji anayechapa nakala 1,000 kwa woga. Akiwa na uhakika wa nakala 10,000 bei itashuka, na 500 ile ile itanunua zaidi.

Naomba pia fedha hizo zisiishie kwenye zabuni moja ya kitabu kimoja kwa nchi nzima. Hapo ndipo penye hatari, na nalisema hili nikijua naweza kumkwaza mtu. Kikichaguliwa kitabu kimoja na kupelekwa shule zote, amepona mwandishi mmoja na wamekwama wengine, na mtoto wa Muheza anasoma kile kile anachosoma wa Kigoma na wa Mtwara, kitabu 1 mara 100 badala ya vitabu 100. Taasisi ya Elimu tayari inatoa ithibati kwa vitabu vya ziada. Orodha ya vilivyopata ithibati itangazwe kila mwaka, kila hadithi ikiwa na ukurasa mmoja wa mfano na bei yake, kisha walimu wa shule wachague wenyewe na halmashauri ijumlishe maagizo. Wachapishaji wadogo wa mikoani wanaweza kuhudumu kupitia NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, kama wazabuni wengine wanavyofanya, mradi tu wasidaiwe dhamana ambazo ni kubwa kuliko thamani ya vitabu vyao vyote.

Najua nitajibiwa kwamba vitabu vya kiada bado havitoshi, kwamba kuna shule watoto wanne wanainamia kitabu kimoja cha Sayansi. Nimewaona, nimekaa nao. Lakini mtoto hawezi kuwa msomaji kwa kiada peke yake. Kiada kina sura, mazoezi na maswali, mtoto anakifungua akiambiwa ukurasa na anakifunga akiambiwa. Hadithi ndiyo inayomfanya asome ukurasa ambao hakuna mtu amemwambia. Akishazoea hivyo, kile kitabu cha Sayansi hata kikiwa kimoja kwa wanne atakisoma na kukielewa. Mwalimu wa darasa la nne shuleni ninakokwenda aliniambia kwamba watoto wetu wa Jumamosi anawatambua kwenye insha. Wenzao wanaanza "Hapo zamani za kale" na kukwama. Hawa wanaandika mazungumzo, na alama za kunukuu wanaziweka mahali pake bila kufundishwa.

Nitajibiwa pia kwamba wahisani wanasaidia vitabu vya kusoma. Ni kweli, wamesaidia na tunawashukuru. Kuna madarasa ya awali ambayo kila kitabu cha hadithi kilichomo kina nembo ya mfadhili kwenye jalada. Lakini mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada la USAID, na miradi ya usomaji iliyokuwa ikilitegemea ikasimama, na hilo liliamuliwa mbali sana na hapa na watu ambao hawajui kama Muheza ipo. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka huo hakuulizwa. Shilingi 500 zilizo kwenye bajeti yetu wenyewe hazifungwi na mtu wa nje.

Ombi la mwisho ni dogo, na linahusu kabati.

Katika shule moja niliyoitembelea, ambayo sitaitaja, mwalimu mkuu alinifungulia kabati la chuma ofisini kwake. Ndani mlikuwa na vitabu vya hadithi kama 60, vimepangwa kwa urefu, vingine bado vina nailoni yake. Nilichukua kimoja. Pini mbili zilizokishona zilikuwa zimeliwa na kutu kwa unyevu wa huku kwetu pwani, na kurasa za katikati zikanidondokea mkononi. Kitabu kile kilikuwa kimezeeka bila kusomwa. Nikamuuliza kwa nini hawapewi watoto. Hakuwa mtu mbaya, Waheshimiwa, wala mvivu. Alinionyesha leja. Kila kitabu kimeandikwa humo na yeye ametia saini. Wakija wadhibiti ubora au wakaguzi wa halmashauri wanahesabu, na kilichopungua kinaulizwa kwake. "Mtoto akikipeleka nyumbani mbuzi akakila, mimi ndiye nitaandika maelezo," aliniambia. Hivyo njia salama kwake ni kufuli.

Nawaomba mtoe waraka mfupi. Useme kwamba kitabu cha hadithi kikishapokelewa shuleni na kuandikwa, kihesabiwe kama chaki, yaani kitu cha kutumika mpaka kiishe. Useme kwamba nakala iliyochakaa au kupotea mikononi mwa mwanafunzi haitadaiwa kwa mwalimu. Mkaguzi akifika aulize daftari la kuazima, na kama vitabu vyote ni vipya, hapo ndipo mwalimu atoe maelezo.

Suala la shilingi 500 najua lina safari yake, linapita kwenye miongozo ya bajeti, vikao vya madiwani na Bunge, na nitasubiri kama mwananchi mwingine. Waraka wa kabati hauhitaji fungu lolote. Unaweza kuandikwa wiki hii na ukafika shuleni kabla ya muhula wa Julai, pini hazijaisha zote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa vitabu vya watoto,
Tanga